Mchezaji na Misiba ya Watu

Hapa mtaani kwetu Bunju, mtu akifiwa, wa kwanza kufika si shehe wala mchungaji. Ni Mchezaji. Anafika kabla viti havijashushwa, anatoa pole kwa sauti ya chini, anavua saa yake na kuitia mfukoni, kisha anauliza turubai liko wapi. Sisi wengine kufunga turubai ni shughuli ya ngazi, meza ya kuazima na mabishano. Yeye ananyoosha mikono tu, anafunga kamba kwenye nondo za ukuta ambao haujaisha, na kivuli kimepatikana. Ukimshukuru anakwambia, "Bado kazi," halafu anakwenda kubeba maji.

Tulimwita Mchezaji tangu siku alipohamia. Nadhani walioanza ni vijana wa bodaboda, maana hao ndio wanaobatiza watu pale kituoni, na wakishakubatiza hakuna rufaa. Alizaliwa wapi, baba yake nani, ukoo gani, sikuwahi kumuuliza. Bunju wote tumekuja kutoka kwingine, kila mtu na kiwanja chake, na maswali tunayoulizana ni ya maji, ya barabara, na ya mpaka uliosogezwa. Ukuta wangu na wake ni mmoja. Mimi ninafundisha shule ya msingi, kwa hiyo aliniita Mwalimu, nami nilimwita kaka tukiwa wawili na Mchezaji nikimtaja kwa watu. Ikatosha, au nilidhani imetosha.

Urefu wake hauelezeki vizuri kwenye karatasi. Niseme tu kwamba kwenye mlango wangu anainama kwa hatua mbili, kwanza kichwa, halafu mabega, na akishaingia anatafuta feni iko wapi kabla hajakusalimia. Wajane wa mtaa wote walimfanya fundi wa balbu. Mimi nina mume, mume wangu ana ngazi, na bado balbu zetu zilibadilishwa na Mchezaji.

Alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu, wa kulipwa, nje ya nchi, kwa zaidi ya nusu ya maisha yake. Jambo hilo hapa kwetu halikumletea sifa aliyostahili. Mtaani kwetu mchezo ni soka, na mengine ni mazoezi ya viungo. Siku moja vijana wa bodaboda walimuuliza alikuwa anacheza namba ngapi. Akasema namba tano. Wakatingisha vichwa kwa heshima, wakasema kumbe beki wa kati, ndiyo maana mrefu. Mimi nilikuwepo, na nilijua wamekosea, kwa sababu alishanieleza kwamba namba tano kwenye kikapu ni yule mtu wa kusimama chini ya goli. Nikamsubiri awasahihishe. Akacheka tu, akanunua karanga, akaenda zake. Mpaka leo wapo wanaoamini aliwahi kucheza beki Ulaya.

Amecheza Misri, Lebanoni, Ureno, Romania, Ufini, Ufilipino, na kwingine ambako hata yeye alikuwa akisita kidogo kabla ya kukutaja. Ukimuuliza Ureno kukoje, anakuelezea dari la ukumbi. Ukimuuliza Ufini, anakuelezea dirisha la basi na theluji iliyokuwa inapita. Niliwahi kumtania kwamba amezunguka dunia na hakuiona. Hakukasirika. Alisema timu ikikulipa inakulipia uione dunia kati ya hoteli na uwanja, na ukitaka kuona zaidi unachoka mapema, na ukichoka unarudishwa.

Lugha nazo alizijua kwa namna yake. Mtu wa chini ya goli anawaona wenzake wote kwa mbele, na kazi yake mojawapo ni kuwapigia kelele wajue adui anatokea wapi. Kwa hiyo kila nchi aliyofika, maneno ya kwanza kujifunza yalikuwa "nyuma yako", "kushoto", "kulia", "nipo". Alinifundisha yote hayo siku moja tukisubiri gari la maji, kwa Kireno, kwa Kiarabu, kwa Kifini, akinyoosha mkono kila upande mpaka mama wa genge akatoka kutazama. Nikamwambia basi sasa nifundishe "umeamkaje". Akafikiri. Kwa Kiarabu aliijua. Kwa zile nyingine alikiri kwamba hakuwahi kuihitaji, kwa sababu alikuwa anaamka peke yake.

Nilijisikia vibaya kuuliza. Nilikwenda nikamletea chai.

Jambo lililomharibu zaidi, kwa maoni yangu, ni utaratibu wao wa wageni. Ligi nyingi zinaruhusu timu kuwa na wachezaji wachache tu wa kigeni. Maana yake ni kwamba akionekana mgeni mpya mazoezini, mmoja wenu anaondoka. Alisema ulikuwa unajua kabla hujaambiwa. Unaingia asubuhi, unamkuta kijana mrefu anafunga viatu, anakusalimia kwa adabu kubwa, na wewe unajua kitanda chako ameshapewa. Kwa hiyo alijizoesha kutotoa nguo kwenye sanduku. Alikuwa anafua, anakunja, anarudisha. Hata hapa Bunju, kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe, yenye kabati la mninga la ukuta mzima, nguo zake zilikaa sandukuni. Dada yake alimgombeza mpaka akakata tamaa.

Kiswahili chake nacho kilibaki pale alipokiacha. Aliondoka kijana, akarudi na ndevu za mvi, lakini kitu kizuri kwake bado kilikuwa "bomba". Watoto wa darasa langu walikuwa wanapita makusudi kwenye geti lake ili wamsikie. Wanamwamkia, "Shikamoo Mchezaji," anaitikia, wanamuuliza mambo yanaendaje, anasema bomba, wanakimbia wakicheka. Alijua wanamcheka na hakubadilisha. Nafikiri alifurahi kwamba kuna mtu anapita.

Watoto haohao walimwomba awawekee goli la kikapu. Nafasi ilikuwepo, chuma kilikuwepo, na sisi wazazi tulikuwa tayari kumwaga sakafu. Alikataa kwa upole, kila alipoombwa. Mtu aliyeishi kwa mpira hakutaka kuuona uani kwake. Mara moja tu nilimwona akiushika. Ilikuwa sherehe ya kufunga shule, mpira ukateleza kutoka kwa wanafunzi ukamfuata miguuni. Aliuokota kwa mkono mmoja, kama sisi tunavyookota chungwa, akaugeuza, akaukagua mishono. Uwanja mzima ulimngoja afanye kitu. Akamkabidhi mwalimu wa michezo kwa mikono miwili, akaketi.

Sasa niseme kuhusu dada yake, kwa sababu misiba yote ile ilikuwa kwa ajili yake.

Dada yake ndiye ndugu pekee aliyebaki. Alipatwa na kiharusi, upande mmoja ukalala, na hiyo ndiyo sababu Mchezaji aliacha mpira na kurudi. Dada hakutoka nje. Kitanda chake kilikuwa chumba cha mbele, karibu na dirisha, na nduguye ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akamgeuza. Mchezaji alipokwenda misibani mimi ndiye niliyekaa na mgonjwa. Maneno yalimtoka kwa shida, lakini alipenda kusimulia, na kwangu alimtaja siku zote kama "mdogo wangu". Mdogo wangu hali vizuri. Mdogo wangu anajifanya hana usingizi. Yule mtu anayegusa dari kwa kiganja alikuwa mdogo wa mtu mahali pamoja tu duniani, na mahali penyewe palikuwa kile chumba.

Ni dada huyo aliyenisimulia habari ya mama yao. Mama alifariki wakati mdogo mtu yuko Romania, timu yake ikipigania kutoshuka daraja. Aliomba ruhusa. Akaambiwa achague, akiondoka asirudi. Wakati huo mshahara wake ndio uliokuwa unalipa hospitali na kila kitu. Akabaki. Dada akamzika mama peke yake, kule Kiwalani walikokuwa wamepanga, siku ya mvua, majirani wenyewe wageni, watu wa kubeba jeneza wakapungua mpaka wakaombwa mafundi waliokuwa wanajenga jirani. "Watu walikuwa wachache," alisema dada, akarudia, "wachache." Hakuwa analaumu. Lakini alikuwa amemwambia na mdogo wake hivyohivyo, kwenye simu, siku ileile, na mdogo wake alilichukua neno hilo akazunguka nalo dunia.

Nilimuuliza mwenyewe, baadaye, tukiwa tumetoka makaburini kwa mtu tusiyemjua vizuri wote wawili. Nilimuuliza kwa nini anajichosha hivi. Akanijibu bila kunitazama.

"Dada yangu hatazikwa na watu wachache, Mwalimu. Mama nilikosa. Huyu sikosi."

Basi, hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Kwetu ni jambo linaloeleweka, maana mtu asiyeonekana kwenye misiba ya wenzake anajua kitakachompata. Sisi wengine tumelianza hilo utotoni, tukishikwa mkono na mama zetu kwenda kukaa kwenye mikeka ya watu. Yeye alikuwa hayupo miaka yote ambayo mtu anajiwekea watu. Alirudi na nyumba nzuri, na dada mgonjwa, na hakuna hata familia moja aliyowahi kulia nayo. Akaanza upya, kama mtu aliyesajiliwa katikati ya msimu. Akisikia tangazo msikitini, anatoka. Akiona ujumbe kwenye kundi la mtaa, anabisha hodi kwangu.

"Huyu nani, Mwalimu?"

"Simjui. Ni mama mkwe wa yule fundi pikipiki."

"Nikalie na dada, nikawahi."

Watu hawakosi la kusema. Wapo waliodai anafuata pilau. Wengine wakasema mtu mwenye afya zake hawezi kupenda makaburi hivyo bure, lazima ana mambo yake ya gizani. Mwenyekiti wetu wa serikali ya mtaa yeye alipata hofu ya aina yake, akaanza na yeye kuhudhuria kila msiba, akiamini Mchezaji anajiandaa kugombea. Kwa muda fulani marehemu wa Bunju walisindikizwa vizuri kuliko wakati wowote.

Na Mchezaji naye alikosea, tena kwa kishindo. Tulikuwa tunamzika mzee mmoja mstaafu, mtu wa heshima zake. Wasifu ukasomwa, alisoma wapi, alifanya kazi wapi, ameacha watoto na wajukuu. Msomaji alipomaliza na kusema Bwana alitoa na Bwana ametwaa, kimya kikaingia. Katikati ya kimya hicho Mchezaji akasimama na kupiga makofi. Makofi ya ile mikono si ya mchezo. Alipiga peke yake, macho yamejaa machozi, kwa muda mrefu, huku wajane wakigeuka na watoto wa marehemu wakiangaliana kama kuna wa kumtoa. Alipoona hakuna anayemfuata, mikono ikapungua kasi, ikashuka.

Tukiwa njiani kurudi alinieleza. Katika nchi alizocheza, mwenzenu akifa, kabla ya mechi uwanja wote unasimama na kumpigia makofi. Ndiyo heshima ya mwisho. Alikuwa amewapigia hivyo watu wengi, na alikuwa amesahau kabisa kwamba kwetu si hivyo. Aliniuliza kama wamechukia. Nilimwambia wameshangaa tu. Wiki hiyo nzima hakutoka, na mimi nilimwona amekaa kwenye baraza akitazama viganja vyake. Nilikwenda kwa mjane wa yule mzee nikamweleza, na mjane akasema basi, kama ni heshima, mumewe angeipenda. Nilipompelekea Mchezaji maneno hayo aliniomba niyaseme mara mbili.

Dada alifariki asubuhi, saa za chai. Mchezaji alinipigia simu, ingawa ni ukuta mmoja. "Mwalimu, dada amepumzika," akasema. Nikamuuliza kama ameshawaambia watu. Akasema, "Nimwambie nani?"

Nilivaa kanga mbili nikaenda. Nilimkuta uani, turubai ameshafunga, peke yake, na anapanga viti vichache vya nyumbani kwake, vya mbao na vya jikoni, kwa mstari ulionyooka. Aliangalia geti. Mimi nami niliangalia geti. Niliogopa, sitaficha. Niliogopa kwamba tutakuwa mimi, mume wangu na mama wa genge, na kwamba yule mtu ataliona lile neno "wachache" kwa macho yake.

Wakaanza kuja. Mama mkwe wa fundi pikipiki tulimzika, akaja fundi pikipiki na mkewe na karakana yake yote. Akaja shehe na vijana wa msikitini wakiwa wamebeba sufuria kubwa la maji. Kwaya ikaja na viti vya kanisani. Bodaboda wakafunga kituo, jambo ambalo hata siku za uchaguzi halijawahi kutokea. Mjane wa yule mzee mstaafu alikuja na wanawe wote, wakakaa mbele. Viti vikaisha, mikeka ikaisha, watu wakasimama mpaka barabarani. Mchezaji alinipita na ndoo mkononi, akainama mpaka sikioni pangu.

"Wamekuja," akasema. "Umeona? Wamekuja."

Lakini hakuketi. Watu walikuja kumpa pole wakamkuta anawanawisha mikono. Mmoja alimpa pole akapewa kiti. Wazee wakalalamika kwamba mfiwa haonekani alipo, kila wakimfuata ameshahama. Ikabidi nitumwe mimi. Nikamkuta nyuma ya nyumba anapasua kuni, na kuni zilikuwa nyingi tayari.

"Kaka, njoo ukae."

"Nikikaa nani atafanya?"

"Sie tupo. Leo mfiwa ni wewe."

Akashika shoka kama amelisahau. "Mie sijui kukaa, Mwalimu. Nikikaa ndio itakuwa kweli."

Nilimshika mkono kama ninavyowashika watoto siku ya kwanza ya shule, akanifuata. Akakaa kwenye mkeka kati ya wazee, miguu hana pa kuiweka, na wazee wakasogea bila kuambiwa. Mmoja akamwekea mkono begani. Ndipo akalia.

Wasifu Mchezaji alikuwa amemsimulia mjumbe wa mtaa kwa mdomo, na mjumbe akauandika, akausoma vizuri, kwa sauti ya kanisani. Marehemu alifanya kazi hii na ile, alimtunza mama yake, aliugua kwa uvumilivu. Akafika mwisho. "Marehemu ameacha mdogo wake mmoja, ndugu yetu…" Akasimama. Akatutazama. Mimi nikamtazama mume wangu, mume wangu akamtazama fundi pikipiki. Nyuma kabisa sauti ya kijana ikasema, "Mchezaji," watu wawili watatu wakaanza kucheka, wakajizuia.

Umati ule wote uliomjia, hakuna aliyelijua jina lake.

Mjumbe akashusha karatasi. Ni mtu mzima, na aibu ilimshika mpaka shingoni. "Utusamehe, kaka," akasema. "Unaitwa nani?"

Mchezaji akasimama kutoka mkekani, kwa hatua zake, na akalitaja jina lake mbele ya jeneza la dada yake. Alianza na la ukoo, kama mtu anayejibu dirishani uwanja wa ndege, kisha akajirekebisha na kuanza na lake mwenyewe. Lilikuwa jina la kawaida tu. Mjumbe akalirudia kwa sauti, tukaendelea, tukazika.

Matanga yalipokwisha niliamua kwamba mimi sitamwita Mchezaji tena. Niliona ndilo dogo ninaloweza kufanya. Ikapita wiki kadhaa nisimpate, maana akitoka alikuwa anatoka mapema. Jumapili moja baada ya ibada nikamwona kupitia geti, yuko uani anamwagilia mchicha, amenipa mgongo, bomba la maji mkononi. Mchana mweupe, mtaa umetulia.

Nikamwita kwa jina lake.

"Naam, nakuja," akasema. Akaliacha bomba chini, maji yakimwagika, akaenda haraka bila kugeuka. Hakuja getini. Aliinama akaingia ndani, na nikasikia mlango wa chumba cha mbele, kile cha dada yake, ukifunguliwa.

Nilisimama pale nisijue pa kujificha. Maji yalifika miguuni pangu, yakapita, na bado alikuwa ndani. Alipotoka alishika kizingiti cha juu kwa mikono yote miwili, akanitazama.

"Kumbe ni wewe, Mwalimu."

"Ni mimi, kaka. Nisamehe. Nitakuita kama wanavyokuita wengine."

Akatingisha kichwa.

"Hapana," akasema. "Niite tena."

Nikamwita. Safari hii aliitika akiniangalia mimi.